Nabii alisema tusipande mahindi, mimi nikapanda

Wakuu, hamjambo humu ndani. Hii sikuhadithiwa, iliniuma mwenyewe, na sitaongeza chumvi. Miaka imepita lakini hasira bado ninayo, mnivumilie.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini, nje kidogo ya Kitale. Nimemaliza form four, nimeolewa, binti yangu wa kwanza Nekesa ameanza kukimbia na mdogo wake yuko mgongoni.

Akaja nabii kutoka upande wa Malakisi. Akafundisha ati Bwana anarudi kabla ya mavuno, kwa hivyo anayepanda msimu huo hana imani.

Wenye kujua Kitale wanajua maana yake. Mvua ya kwanza ikikupita, watoto watalala njaa mwaka mzima.

Mume wangu akaamini. Sasa kwetu mbegu tunatundika juu ya moto, moshi ufukuze wadudu. Siku moja natoka mtoni napata ameshusha mahindi yote, yanachemka kwa sufuria kubwa ya kanisa. Karamu ya watakatifu. Mbegu, bana!

"Baba Nekesa, Yesu mwenyewe alisema siku hiyo hakuna mtu anaijua. Huyu wako ameambiwa na nani?"

"Unabishana na Roho, mama."

Nikaenda kwa mama yangu kule Matulo, nikarudi na mbegu kwa leso. Nikalima peke yangu. Nabii akanitenga kanisani.

Jirani yangu Mama Wafula alikuwa akipita na kanzu yake nyeupe anapaza sauti, "Utavuna na nani, dada? Si sisi tutakuwa juu!"

"Mkifika mnisalimie," nikamjibu.

Msicheke. Nilikuwa napalilia nikilia. Watu wote wale, na mume wangu, halafu mimi na jembe. Kama ni mimi nimepotea? Nilikuwa na ombi moja tu: Bwana, ukija leo utanikuta shambani. Kama ni dhambi, niambie wewe, si huyu.

Bwana hakuja. Nabii ndiye alienda, bila kwaheri.

Mahindi yangu yakakomaa katikati ya mashamba ya magugu. Mama Wafula akafika na watoto wake na kikapu kitupu. Miezi yote hiyo nilikuwa nimemtayarishia maneno. Yakanitoka mawili tu.

"Mmerudi lini?"

Akacheka, halafu akaanza kulia. Nikamvunjia mahindi. Niliyavunja kwa hasira, siwadanganyi, lakini kikapu kilijaa.

Jioni Baba Nekesa akaketi mbele ya sahani. "Ombea chakula wewe," akasema. Nikaomba kwa kifupi. Nilikuwa nimechoka.

Nilichojifunza: ukiona fundisho linakula mbegu ya watoto wako, fungua Biblia usome mwenyewe, hata kama kijiji kizima kinaimba. Utabaki peke yako, na inauma.

Mbegu bado natundika juu ya moto. Baba Nekesa hazigusi bila kuniuliza.

Wewe ulitengwa kwa kukataa nini? Andika hapa chini, nitasoma zote. Kama wewe ni nabii, pita tu.