Wifi Anauliza Ukoo

Mchumba wa mwanangu alipokuja kwangu Ilford, hapa Landani, na macho mekundu, nilikuwa nakata nyama ya pilau. Binti wa Kijapani, ameshasilimu, ana adabu zake. Nikadhani kashika mimba. Kumbe! Analia kwa sababu mababu zake walikuwa wachuna ngozi za wanyama.

"Kwetu watu hao walionekana najisi, Mama," akaniambia. "Wakatengewa mitaa yao, na watoto wakairithi aibu."

"Sasa?"

Sasa, akanieleza, sheria ya kuwatenga ilifutwa zamani, lakini bado zipo familia zinazochunguza mtaa wa bibi yako kabla ya harusi. Yeye ni mtu wa ofisini, ngozi anayoigusa ni ya mkoba wake tu. Hata hivyo mchumba wake wa kwanza alimwacha, wazee wa kijana walipogundua babu wa binti katoka wapi. Ndipo akaja Landani. Mwanangu keshaambiwa, kacheka tu. Aliyekuwa akimwogopa ni mie.

Astaghfirullahi, nilichoka! Mchinjaji wetu hapa Ilford, Idi ikikaribia, tunamwamkia kama kadhi ili atuwekee mguu wa mbuzi. Watu wale nyama, wavae viatu, halafu aliyewatengenezea ndiye mchafu? Na kitukuu wake pia? Hebu nipisheni mie!

Nikamwambia anawe uso, anisaidie vitunguu.

Hata hatujamaliza, simu ikalia. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, kutoka Unguja. Asipokubali yeye, upande wa baba hauji harusini, na mwanangu anawataka. Habari ya dini alisharidhika nayo.

"Wifi, tusifanye pupa," akasema. "Tuulizie kwanza. Ukoo wao ni watu gani hao?"

Damu ikanichemka. Nilipoposwa mie, wakwe waliulizia hadi shamba, wakarudi na habari kwamba bibi yangu kazaliwa na mtumwa. Ndoa ilifungwa kwa ubishi wa mume wangu tu. Mama mkwe alikufa hajapata kunywa chai niliyopika mie, na aliyekuwa akienda kuimwaga uani ni huyu huyu wifi.

Binti alikuwa ameacha kumenya, ananitazama usoni.

"Nimeshauliza," nikasema. "Ni watu kama mie."

 

"Anajua kupika chai?" wifi akauliza, kwa sauti ndogo.

"Njoo unywe," nikamwambia.