Video za Anti

Idara ya rasilimali watu ilituita ukumbini ikatuambia, kwa mara nyingine, kwamba sisi ndio mali ya kampuni. Kisha ikatuagiza tujirekodi tukifanya kazi, tueleze kila hatua kwa sauti, ili ujuzi usipotee mtu akiondoka. Niliuliza ni nani anayeondoka. Wakaendelea na ajenda iliyofuata. Nilikuwa nimeuliza mengi mwaka huo, hata mimi nilishachoka kuisikia sauti yangu.

Aliyekuwa na cha kupoteza ni Mkenya mwenzangu, mama mtu mzima niliyemwita anti. Yeye ndiye aliyeujua mfumo wetu wa kupanga zamu za wauguzi. Kila Ramadhani, saa za kazi zikifupishwa, mfumo ulikwama, naye akaukwamua kwa njia anayoijua mwenyewe. Mkataba wake ulikaribia kuisha. Bila kazi hakuna kibali cha kukaa, na mwanawe alikuwa darasa la mwisho la sekondari hapa hapa Doha.

Anti akarekodi. Baada ya siku chache meneja akaniita. Video zote zilikuwa kwa Kiswahili, tena kile cha Eastlands, Nairobi, kilichojaa Sheng, lugha ya mitaani ya ujana wake. Programu ya kutafsiri ilikuwa imetoa upuuzi mtupu. Kazi ikawa yangu.

Ijumaa, siku ya mapumziko huku, nilimkuta Mesaimeer kwenye makanisa, watu wakitoka ibadani, amejibanza kwenye kivuli chembamba cha ukuta.

"Anti, umenifanyia nini?"

"Si walisema tuongee vile huwa tunaongea kazini? Mimi na hiyo kompyuta hugombana kwa Kiswahili."

"Nikitafsiri, watakutoa."

"Usipotafsiri watakutoa wewe. Watafute mwingine, na huyo atakuwa na haraka." Akajipepea kwa karatasi ya nyimbo. "Kijana amalize mtihani tu. Wewe tafsiri. Lakini nani amekukimbiza?"

Nikatafsiri polepole. Kwa kila sentensi nilikuwa na swali, na kwa mara ya kwanza ofisini maswali yangu yalikuwa na faida. Alasiri nyingi niliketi kando yake akinionyesha, naye meneja, ambaye hakuweza kujua ni wapi tumefika, aliurefusha mkataba wa anti mara mbili.

Kijana akamaliza mtihani. Nikakabidhi tafsiri. Anti akakatiwa keki, akasifiwa, akarudi Nairobi na mwanawe.

Ramadhani hii mfumo ulikwama tena. Waliangalia video, wakasoma tafsiri yangu, kisha wakaniita. Niliukwamua. Jana nimeambiwa nijirekodi, nieleze kila hatua, kwa Kiingereza tu.