Makopa Yasiyoingia Bahashani

Mtaani walimwita Nusu Inchi, na jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyelikumbuka. Alikuwa fundi cherehani. Kila nguo iliyopita mikononi mwake iliachiwa nusu inchi ya ziada ndani ya mshono, hata kama mteja aliapa kwamba hatanenepa.

"Wote husema hivyo," angejibu, mkasi umekwisha kuuma kitambaa. "Halafu harusi ikifika mnarudi hapa mmebana pumzi kama wapiga mbizi."

Alikata hivyo suruali, akakata hivyo mapazia. Siku mkewe alipomwomba karatasi ya kutandika kwenye rafu ya vyombo, alikata hivyo hivyo, ikabaki inaning'inia pembeni kama ulimi.

"Mume wangu," mkewe akasema, "hata jeneza langu utaliachia nusu inchi?"

Walicheka siku ile mpaka chai ikapoa. Jeneza lilipokuja kweli, kwa homa ambayo daktari aliiita ya kawaida, lilimkaa mwenyewe barabara. Nusu Inchi alisimama kando yake akitafuta nafasi ya ziada, asiione.

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea. Watoto walimwita Mwalimu Gundi, kwa kuwa vidole vyake havikuwahi kuwa na rangi ya vidole. Siku ya wapendanao, siku ambayo watu wazima huvaa nyekundu, hununua ua la plastiki na kusema uongo kwa sauti nyororo, yeye aliwanyang'anya akawapa watoto. Karatasi nyekundu, mikasi butu, gundi, na kila mtoto anaondoka na kopa lake ndani ya bahasha, ampe anayempenda. Mwaka uliopita mmoja alikata la paka, akalalamika kwamba paka hakushukuru.

Mwaka huu bahasha alikwisha kuzitengeneza wakati wa likizo, kwa kurasa za kalenda za zamani, akazipanga kwenye boksi la viatu pamoja na kopa moja la mfano. Halafu akafa. Shule ilipofunguliwa, Mwalimu Mkuu, mama mwenye shahada mbili na roho laini kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji, aliingia darasani kutangaza msiba. Akaziona zile nyuso. Akausikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Mwalimu amesafiri." Alitoka akaenda kulia stoo, katikati ya mafagio.

Sasa alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda cha fundi, mkoba kifuani.

"Fundi, watoto wanaulizia makopa. Boksi liko kwako. Njoo uwakatishe wewe, asubuhi moja tu."

"Mimi najua kukata suruali, Mwalimu."

"Karatasi haina hata miguu, itakuwa rahisi zaidi." Kisha akashusha sauti. "Ila wakikuuliza, amesafiri. Nakusihi. Nitawaambia mwenyewe, nikipata nguvu."

Alikubali upesi mpaka akajishangaa. Sababu hakumwambia mtu. Nyumbani mkewe alikuwa marehemu. Kwa mashemeji alikuwa marehemu, kwa muuza maziwa marehemu; hata kampuni ya simu ilimfungia laini yake na kutuma pole iliyoandikwa na kompyuta. Duniani kote palibaki chumba kimoja tu ambamo mkewe alikuwa amesafiri. Nusu Inchi alitaka kwenda kukaa humo kidogo.

Asubuhi ya siku yenyewe alichukua lile kopa la mfano, akalichora kwenye kadi ngumu ili watoto wapate cha kufuatisha, akatoka na boksi kwapani.

Darasani alipewa kiti chenye kimo cha tofali. Magoti yakapanda hadi masikioni. Watoto walimzunguka, wakamkagua kama nguo ya mtumba. Aliyekuwa mbele ni binti waliyemwita Kipaza, ambaye hata siri aliisema ikasikika hadi barabarani.

"WEWE NDIYE MUME WA MWALIMU GUNDI?"

"Ndiye mimi."

"MBONA MZEE?"

"Nilianza mapema."

Mwingine akadakia, "Mwalimu yuko wapi?"

"Amesafiri," akasema fundi. Lilitoka laini, kama uzi kwenye tundu la sindano mpya.

"Kwa ndege?"

"Ndege kubwa."

"Kakaa dirishani?"

"Dirishani kabisa. Anakula karanga."

Akamwona. Amejifunga ile skafu ya kijani, maganda ya karanga mapajani, anawadharau wahudumu wa ndege kwa sababu sketi zao zimepindwa vibaya. Angeweza kuendelea hivyo mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Lakini makopa yalikuwa yanasubiri.

"Haya. Karatasi ikunje katikati. Weka kadi, nusu yake ivuke mkunjo, chora, kata. Huku penye mkunjo usikate, we mtoto! Huko ndiko kunakoshika!"

Wengine walikata mkunjo, wakapata masikio mawili. Mmoja alipata kiazi, akasema ndivyo alivyotaka. Lakini wengi walipata makopa, mazuri, mekundu, na kelele zikawa za watu wenye kazi ya maana. Kisha wakazileta bahasha.

Hakuna lililoingia. Watoto walisukuma kwa vidole, wakasukuma kwa viwiko, mmoja akakalia la kwake.

"Fundi, kopa langu limenenepa!"

"Langu lina mimba!"

Wakacheka mpaka wakagaragara. Nusu Inchi alilitoa kopa la mkewe kwenye boksi, akalilaza juu ya kadi aliyoichora mwenyewe. Kadi ilichomoza pande zote kwa kipimo kile kile. Alikuwa amefuatisha mstari wa mkewe kwa penseli, vizuri kabisa. Halafu mkono wake, bila kumuuliza, ukachora mwingine kwa nje, na mkasi ukafuata wa nje, kama ulivyofuata miaka yote.

Kipaza peke yake hakucheka. Alikuwa ameiinamia ile kadi, kidole juu ya mstari wa ndani.

"Huu wa nini?"

"Hapo ndipo sindano hupita."

"Na huku nje?"

"Nafasi ya mshono. Unaiacha ili nguo ishikane na kipande kingine."

"Kipande kingine kiko wapi?"

Fundi akaifunika kadi kwa kiganja.

Ndipo Kipaza alipofanya jambo ambalo darasa zima halikuwahi kulisikia: alinong'ona. "Fundi. Mwalimu aliondoka kwa sababu yangu, eti?"

"Nani kasema?"

"Siku ya kufunga shule nilimmwagia gundi kwenye sketi. Chupa nzima. Akasema, haya, mimi naenda zangu. Akaenda." Alimsukumia kopa lake lililokunjika. "Mpelekee. Mwambie simwagi tena. Arudi tu."

Sketi ile fundi aliijua. Ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani, gundi imekauka pembeni kama gamba la samaki. Mkewe alifika nayo akiwa hoi kwa kicheko: "Leo nimebandikwa rasmi, mume wangu, sitoki tena kazini." Hakuwa ameifua, na hakuwa na nia ya kuifua.

Ilikuwa kazi ya neno moja tu. Nitampelekea. Aseme hivyo, mtoto atakaa getini kila siku kungoja msamaha, na mkewe ataendelea kukaa dirishani na karanga zake. Akisema lile jingine, chumba cha mwisho kinafungwa, na ni yeye atakayekuwa amekifunga. Mlangoni Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama, anatikisa kichwa kulia na kushoto kama feni.

Nusu Inchi alimtazama mtoto. Alikuwa anapumua kwa mdomo, anangoja hukumu.

"Hakukukasirikia," alisema. "Alifika nyumbani anacheka, alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa anakwenda kubadilisha sketi, basi." Akaweka mkasi chini. "Na hakusafiri. Aliugua homa. Akafa. Gundi haihusiki hata kidogo."

Mkasi mmoja ulisikika ukimalizia kona, kisha nao ukanyamaza.

"Na ndege?" akauliza mmoja.

"Ndege nilidanganya."

"Na karanga?"

"Na karanga," akasema fundi.

"Sasa nani atatufunga kamba za viatu?"

Swali lile ndilo lililovunja ukuta. Alianza mmoja, akafuata wa pili, na kilio cha chekechea huambukiza kama upele. Mwalimu Mkuu aliingia kwa hatua za mtu anayekuja kufoka, akafika katikati, akaishiwa, akakaa kwenye kiti kimoja chenye kimo cha tofali, nacho kikalia.

"Nilikusihi, Fundi."

"Ulinisihi."

"Wazazi watanila mbichi."

"Waambie ni mimi."

"Ndivyo nitakavyowaambia!" akasema, akipenga kamasi kwa karatasi nyekundu. Pua ilibaki nyekundu siku nzima.

Nusu Inchi alipiga magoti sakafuni, akaanza kufunga kamba za viatu, hata ambazo zilikuwa zimefungwa. Hakujua afanye nini kingine kwa mikono yake. Alipofika kwa Kipaza, mtoto alikuwa amelikunja kopa lake kwa ndani kwa kufuata ule mstari wa sindano. Sasa lilikuwa dogo, limejaa vikunyanzi, na limeingia kwenye bahasha.

"Chukua wewe," akasema, sauti bado ndogo. "Yeye hayupo."

Alilichukua. Alirudi nyumbani na boksi tupu, akakaa kitandani akiitazama ile sketi nyuma ya mlango. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, hapakuwa na mahali popote pengine pa kwenda kumtafuta.

Wazazi walifoka kweli, wawili wakahamishia mapazia yao kwa fundi wa barabara ya pili. Chekechea hakuitwa tena. Kisha, jioni moja, akiwa anapinda suruali, alisikia kitu barabarani kilichomfanya ajidunge sindano.

"FUNDIII! MWALIMU BADO AMEKUFA?"

Mama aliyemshika mtoto mkono alijaribu kumziba mdomo, akachelewa. Wapita njia wakageuka. Muuza maziwa akasimamisha baiskeli.

Nusu Inchi alinyonya damu kidoleni.

"Bado," akajibu.

Kipaza alifikiri kidogo. "HAYA. KESHO NITAPITA TENA NIULIZE."

"Samahani jamani, Fundi," mama akasema, uso umemshuka. "Huyu mtoto hana breki."

"Mwache," akasema Nusu Inchi. "Apite tu."

Asubuhi yake, kabla hajagusa kitu kingine chochote, alisogeza cherehani karibu na mlango.