Sauti ya Germana Haikupita

Kwa miaka mingi Germana Tluway ndiye aliyekuwa sauti ya shamba moja kubwa la kahawa huko Oldeani. Kila asubuhi aliketi mbele ya redio ya upepo, akaita ofisi ya Arusha na kusoma mahitaji: dizeli, magunia, dawa ya kunyunyizia. Hata hewa ikichafuka, Arusha walimsikia.

Mwaka 1985 ukaletwa mtambo mpya. Mtaalamu aliyeufunga alieleza kwamba hausafirishi sauti yenyewe. Unaipima, unatupa sehemu kubwa unayoona haina kazi, unatuma tarakimu chache tu, kisha mtambo wa Arusha unaunda sauti upya kutokana na tarakimu hizo. Kwa njia hiyo watu kadhaa wangeongea kwa pamoja mahali palipotosha mmoja.

Josephati, karani wa stoo, alijaribu kwanza. Arusha wakamjibu bila shida. Germana alipoongea wakasema, "Rudia." Akarudia. "Tunasikia kama nyuki ndani ya debe."

"Punguza wembamba wa sauti, mama," mtaalamu akamwambia.

"Niupunguze niuweke wapi? Ndiyo sauti niliyozaliwa nayo."

Mtaalamu akakiri kwamba huko ulikotengenezwa, mtambo ulijaribiwa zaidi kwa sauti za wanaume. Wiki iliyofuata meneja akampa Josephati kile kiti. Germana akapewa kikapu, akaenda kuchuma kahawa na vibarua.

Masika yaliyofuata mama yake, Bibiana, akaugua vibaya. Barabara ilikuwa imekatika, hakuna gari lililopanda wala kushuka. Mama akawa anamtaja tu mwanawe Kornelio, dereva wa ofisi ile ile ya Arusha. Germana akameza uchungu wake, akaenda kumwomba Josephati. Wakambeba mgonjwa hadi ofisini, na Kornelio akaitwa upande wa pili.

"Mama yako huyu hapa," Josephati akamwambia.

Bibiana akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema na mwanawe kwa Kiiraqw, polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Lugha ile ina sauti za kooni na za kupasuka ulimini, na mtambo ulizitupa pamoja na vingine visivyo na kazi. Alipomaliza, Kornelio akasema kwa Kiswahili, "Josephati, acha mzaha. Huyo si mama yangu."

Bibiana hakujua Kiswahili kingi, lakini hicho alikielewa. Akakiweka kipaza sauti mezani. "Nirudisheni nyumbani," akasema.

Alifariki kabla barabara haijafunguliwa. Kornelio alifika wameshazika.

"Dada, sikumtambua. Ilikuwa sauti ya bati."

"Najua."

"Alisema nini?"

Germana alikuwa amesimama karibu na mama yake siku ile, na kila neno alilisikia. "Alisema na wewe," akajibu, "hakusema na mimi."

Alijua kosa si la ndugu yake. Lakini waliouleta mtambo walikuwa wamekwenda zao, na aliyebaki mbele yake ni Kornelio. Akampikia ugali, akamtandikia pa kulala. Kila Krismasi alirudi kuuliza, na kila Krismasi alipewa chakula na jibu lile lile. Mwisho akaacha kuuliza, halafu akaacha kuja.