Gari ya Papa na misa ndefu

Sijawahi kumwambia mtu hili: kila Jumapili gari ya Papa, baba yangu, inasikiliza misa yote nje ya kanisa, moteri ikiwaka.

Batri imechoka. Papa akizima, lazima isukumwe, na mfanyabiashara wa Butembo hawezi kusukumwa mbele ya Wakristo wenzake.

Kwa hiyo wiki ya misa fupi, mafuta yanampeleka mjini Beni kwa biashara na kumrudisha. Wiki ya sikukuu, yanaishia njiani. Papa anasema ni pepo. Ama ni Kambale, dereva wetu.

Leo ilikuwa kipaimara. Mahubiri yalikwisha, yakafuata mahubiri ya kushukuru mahubiri.

Tulipotoka, gari ilikuwa kimya. Tangi tupu.

Papa akamwita Kambale palepale uwanjani.

“Umeuzisha mafuta yangu! Kesho usikuye ku kazi!”

“Patron, jana niliacha mafuta mingi mule!”

Mnanijua. Hata darasani ninajibu kwa kunong'ona. Lakini Kambale ana mtoto mchanga.

“Papa, moteri imewaka misa yote.”

“We mutoto! Gari inakunywa ikitembea. Ikisimama, inapumuzika!”

(Walimu wa fizikia, nisaidieni.)

Mama mmoja wa kwaya akacheka. Kisha wote, hata katekista.

Papa akaingia garini, akapandisha kioo. Nikagonga.

“Kambale atakuya kesho?”

“Atakuya. Sukuma!”

Nikavua viatu vya Jumapili, nikampa mama yangu, nikasukuma pamoja na Kambale mpaka kwa muuza mafuta wa kona.