Kozi ya Sinema na Nyimbo za Bibi

Juzi nilikuwa mnadani Kilosa. Mkulima mmoja wa Tindiga alileta ng'ombe wake wote, na binti yake alihangaika kuliko hao ng'ombe. Binti alipata nafasi mbili za kusomea sinema: Dar miezi tisa, kwa bei ya ng'ombe mmoja; au ng'ambo miaka mitatu, kwa bei ya zizi zima.

"Rahisi hugharimu," baba alisema. "Utakwenda ng'ambo."

"Baba, nataka kumpiga bibi picha za sinema akiimba nyimbo za mavuno. Amebaki yeye tu anayezijua. Miaka mitatu atanisubiri?"

Baba alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Kisha akafungua kamba za ng'ombe ili awarudishe nyumbani, akabakiza mmoja wa kuuza.

Wakubwa wetu hupima chuo kwa ada na cheti. Sijasikia hata mmoja akiuliza kwanza: bibi hajambo?