Nusu Saa ya Kichochoro

Adhana ya Ijumaa ikisha, kichochoro cha Bi Zamzam mjini Amu, kisiwani Lamu, kinabaki na paka na wanawake wawili. Wanaume wako msikitini. Punda wamefungwa.

Bi Zamzam anafunga ncha za nyuzi kwenye kitanda cha kufumia, mlangoni pake. Jirani yake Rosebella, fundi cherehani aliyetoka Kisii, anashika ncha za pili na kurudi kinyumenyume hadi mwisho wa kichochoro. Nyuzi mia tatu zinanyooka usawa wa kiuno, nyekundu ya magome ya mikoko na njano ya bizari. Sasa zichanwe kwa kitana zisitatane, zikunjwe kwenye gogo la kitanda, kabla watu hawajatoka msikitini.

“Vuta, Rosi. Washika kama mtu anayeaga.”

“Nikivuta zaidi nitafika Shela.”

Nyumba ya Bi Zamzam ni fupi. “Nyuzi za skafu kumi zataka ndia nzima, kichochoro chote,” anaeleza. “Na ndia hii ni ya punda. Mimi nina Ijumaa tu.”

Kabla ya Ramadhani alijaribu Jumanne. Punda wa Bwana Uthman, saruji mgongoni, akapita katikati. Rangi ya wiki mbili ikaishia kwatoni.

Basi hufuma skafu kumi kwa wiki, kila moja ikimwachia kama shilingi mia nane. Hoteli za Ras Kitau zinataka mara mbili. Kitanda cha pili kipo, kimeegemezwa ukutani, na Rosebella ameshajifunza kufuma. Kinachokosekana ni nusu saa nyingine ya kichochoro.

Leo hotuba ni fupi. Nyuzi zimekunjwa nusu tu, wanaume hao, wanapita ubavu ubavu, migongo ikifagia chokaa.

“Kanzu yangu, Bi Zamzam,” mmoja analalamika.

“Ijumaa iliyopita ilikuwa na mchuzi, sikusema.”

Nyuma yao anakuja Bwana Uthman, na punda ameshamfungua. Bi Zamzam anaacha kukunja. Rosebella anakaza mikono.

Bwana Uthman anasimama, kamba kaizungusha kiganjani. “Kunja,” anasema. “Huyu alishazionja nyuzi zako, hakuzipenda.”

Zinakunjwa mpaka ya mwisho. Njia iko wazi, lakini Bwana Uthman hapiti.

“Jumatatu asubuhi mizigo yetu ni ya mtaa wa Mkomani,” anasema, akimtazama punda. “Hapa hatupiti hadi adhuhuri. Kila Jumatatu. Wenzangu nitawaambia.”

Bi Zamzam anapangusa mikono kwenye leso, anamgeukia Rosebella.

“Injika sufuria la rangi, Rosi. Jumatatu si mbali.”